Siku Nilipomwita Jirani Adui

Mwanangu, weka hiyo telefone chini kidogo. Nimesoma ulichoandika kwenye grupe yenu: "Yule ni adui yetu." Unajua maana ya neno hilo, ama unalitupa tu? Mimi nililijifunza kwa machungu, nikiwa msichana wa miaka kumi na minane hapa hapa kijijini Karuba.

Siku moja ng'ombe wa Papa Bahati, baba mmoja jirani yetu wa huko juu, waliingia katika shamba langu la maharagwe. Maua ndiyo kwanza yalikuwa yanatoka. Walikula, wakakanyaga, wakalala humo humo! Nikaenda kwake kulalamika, akanicheka. Basi nikashuka mtoni, hasira zimenipanda, nikapiga kelele mbele ya wanawake wote: "Papa Bahati iko adui yangu!" Nilijiona mkubwa siku ile, mjinga mimi.

Siku ya tatu watu wenye bunduki, wa kundi moja la huku milimani, walisimama uani kwetu. Mkubwa wao akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: "Tumesikia uko na adui. Tuonyeshe nyumba yake, tukusaidie."

Ilibaki kunyoosha kidole tu. Mtu mzima, baba wa watoto, angekufa kwa ajili ya maharagwe yangu.

Mama yangu akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Adui? Hapa hakuna adui! Kuko jirani mwenye ng'ombe hazina adabu. Hiyo mambo tutamaliza sisi wenyewe."

Wakamsukuma, akaanguka. Akainuka, akasimama palepale. Mkubwa wao akanigeukia mimi: "Ulisema ao hukusema?"

Nikasogea, nikasimama kando ya Mama. "Nilisema. Nilikuwa na hasira, nikakosa. Ule papa nagombana naye juu ya shamba, ndiyo ile tu. Adui sina, na nyumba ya muntu sitaonyesha."

Walinipiga makofi, wakachukua mbuzi wetu wawili, wakaondoka. Mama hakunibembeleza. "Ungemuua ule papa na mudomo wako," alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Kesho yake nilipanda kwa Papa Bahati, nikamgombeza, loo, nikamgombeza mpaka akajenga uzio! Tuligombana miaka na miaka, na Jumapili tukikaa benchi moja kanisani. Alipokufa nililia kuliko baadhi ya watoto wake.

Kwa hiyo nisikilize. Anayekufunga mabao ni mshindani wako. Anayekukatalia mkutanoni ni mpinzani wako. Mjibu, tena kwa sauti. Lakini ukisema adui, umesema mtu huyo asiwepo tena, na hapa kwetu hawakosekani watu wa kukufanyia kazi hiyo. Usiwape jina. Waje na bunduki, waje na maneno matamu, waseme wanakutetea wewe na kabila lako: kataa! Mimi nimezeeka, meno yameisha, na nikiulizwa leo nitakataa vilevile. Haya, futa hayo maneno sasa hivi, nikiona kwa macho yangu.

Mungu akupe ulimi mkali na moyo usiotaka damu ya mtu. Akuzeeshe hapa hapa kwenye milima hii, pamoja na wote unaogombana nao.