Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, na hasira yake imenirudia leo kwa sababu ya ile miche uliyoipanga uani kwangu.

Nilikuwa darasa la sita, hapahapa Butembo. Mwalimu alitufundisha mzunguko wa maji: mvuke, mawingu, mvua, chemchemi. Tuliukariri kwa Kifaransa, sauti moja kama kwaya. Asubuhi hiyohiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba chemchemi ya mtaa wetu, pale chini ya shule, imekauka. Darasani hakuna aliyeitaja.

Ndipo akaingia Mama Masika, jirani yetu, bila kubisha. Akatua bidoni tupu, dumu lake la maji, juu ya meza ya mwalimu.

"Unafundisha batoto nini?"

"Mzunguko wa maji, mama."

"Ah bon! Basi uuambie upitie kwetu. Batu banasema tumelogwa. Weye ulisoma, utuambie ni nini."

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Kavira, rafiki yangu wa dawati moja, akasimama. "Mwalimu, juzi ulisema mukaratusi unakunywa maji mingi. Ile ya juu ya chemchemi ni ya nani?"

Sote tulijua. Ilikuwa ya mkuu wa shule. Aliipanda kama wengi huku wanavyoipanda, ili kila mtu aone kwamba kiwanja kina mwenyewe.

"Kaa chini, Kavira. Hiyo haiko kwa programu."

Mwanangu, mwalimu yule alijua! Alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza. Mtaa ukaanza kumtazama vibaya mjane aliyeishi karibu na maji, wakamwita mchawi, hadi akakimbilia Beni kwa ndugu zake. Chemchemi haikurudi. Mimi na Kavira tukawa tunashuka hadi mtoni, kamba ya bidoni kwenye paji la uso, na somo letu zuri la mzunguko wa maji kichwani.

Na sasa wewe. Umepata alama nzuri katika somo la mazingira, nikafurahi. Juzi redio ikasema maji yamepungua kwenye chemchemi iliyotubakia. Ukahamisha stesheni, ukatafuta mpira. Leo unataka kupanda mikaratusi kwenye kiwanja chetu, juu ya chemchemi hiyohiyo! Nakuuliza, unanijibu: "Mais mama, batu bote banapandaka." Eti watu wote huipanda! Unanijibu hivyo, wewe uliyefundishwa!

Nisikilize. Ukisikia habari ya maji, au ya korongo lililomeza nyumba, jiulize ulifundishwa nini kinachoieleza, kisha uiseme barazani, hata kama mti ni wa mkubwa. Ukiwa wako, ndiyo kabisa. Hiyo miche ipeleke kule kilimani kwenye ukavu. Kiwanja chetu kitie mimea ya mpaka isiyokausha maji, kama walivyofanya babu zako.

Nenda sasa, kabla jua halijaikausha miche. Mungu akupe mdomo usiomeza jibu, na binti zako wasiijue kamba ya bidoni.