Mtunza Saa wa Mkeka wa Tatu

Nilijifunza kutunza saa kwenye mashindano ya karate kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumwona binti yangu.

Mimi na baba yake tulikuwa tumetengana. Nyumba tuliyoishi Kinoo ilikuwa ya wazazi wake, kwenye ploti yao, na nilipotoka nilibeba begi moja la nguo nikiamini mtoto angenifuata wikendi ileile. Hakuja. Mama mkwe aliniambia kwa simu kwamba mtoto abaki pale mpaka mambo yatulie, na baada ya hapo akawa hashiki simu zangu. Baba yake alikuwa akijibu, lakini jibu lake lilikuwa lilelile: ongea na mama. Kwetu ni Kakamega, na hapa Nairobi sikuwa na mtu mzima wa kwenda kunisemea. Nilikodi chumba Uthiru ili niweze kutembea mpaka getini kwao. Nilitembea mara nyingi. Kila mara mfanyakazi alichungulia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna mtu, huku nikisikia televisheni ndani.

Karate ndiyo haikubadilika. Jumamosi asubuhi binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, aliletwa kwenye ukumbi wa kanisa Uthiru kufanya mazoezi kama alivyofanya tangu akiwa mdogo. Nilipokwenda huko nilimkuta sensei wake, mwalimu wa karate, amesimama mlangoni.

"Mama, wazazi hawaingii siku hizi," akaniambia. "Walikuwa wanapiga kelele mpaka watoto wanachanganyikiwa. Na shosho yake amesema ni yeye peke yake wa kumchukua."

"Nimwone tu. Dakika moja."

"Siwezi, mama."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akiangalia miguu yake isiyo na viatu. Nikaenda kukaa kando ya tangi la maji, nikasikiliza watoto wakihesabu kwa Kijapani, wote kwa pamoja, nikijaribu kuichambua sauti ya wangu kati ya zile nyingine. Sikuweza. Hilo liliniumiza kuliko geti la Kinoo. Nililia palepale, mchana kweupe, watu wa kwaya wakipita na viti.

Mazoezi yalipokaribia kwisha, sensei alitoka kuwatangazia wazazi waliokuwa wakisubiri kwamba anatafuta watu wa kujitolea. Mashindano yalikuwa yanakuja na hakukuwa na wasimamizi wa kutosha. Angetufundisha Jumamosi, watoto wakishamaliza. Nilikuwa nimeinua mkono kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Akanivuta pembeni. "Najua kwa nini unataka. Nitakufundisha kama wengine. Lakini msimamizi haongei na mchezaji. Na hakai kwenye mkeka ambao mtoto wake anapigana. Ukivunja hiyo, watafuta matokeo ya mtoto, si yako."

"Sawa," nikasema. Ningesema sawa kwa lolote.

Kulikuwa na shida ya kazini pia. Ninasuka nywele kwenye saluni moja katikati ya jiji, na Jumamosi ndiyo siku ambayo wateja hupanga foleni mpaka kwenye ngazi. Mwenye saluni aliponisikia aliweka chanuo chini. "Jumamosi? Katika siku zote, unaniomba Jumamosi?" Nilimwomba mpaka wateja wakanyamaza. Mwishowe akanikubalia niwe naingia mchana, kwa sharti kwamba sitapumzika Jumapili.

Tulikuwa wachache kwenye mafunzo. Mwanamume mmoja mnene, mwenye bucha Dagoretti, alipewa kazi ya kuzuia wazazi wasivuke kamba. Wengine walifundishwa bendera, nyekundu kwa mchezaji wa upande huu na buluu kwa yule wa pili, na jinsi ya kutoiinua kwa sababu tu ukumbi umeshangilia. Mimi nilipewa saa. Refa akisema "hajime" naiwasha. Akisema "yame" naisimamisha palepale. Zikibaki sekunde kumi na tano nabonyeza kengele mara moja, muda ukiisha nabonyeza mara mbili. Nikaona ni kazi ya mtoto.

Sensei akaja nyuma yangu akaangusha kiti. Nikageuka.

"Umegeuka," akasema. "Mtoto wa mtu amepigwa wakati refa ameshasema yame, na wewe ulikuwa unaangalia kiti."

Akawaambia wengine wanisumbue. Walinipigia makofi masikioni, wakaangusha vitu, mwenye bucha akaimba. Niligeuka tena na tena. Kule saluni nikamwomba mwenzangu awe ananiambia "yame" bila kunitahadharisha, nikiwa ninaosha nywele za mteja, nami nisimamishe mkono. Wateja walicheka sana. Mimi sikuwa na kicheko. Nilijiambia kwamba nikifeli hii, nimebaki na lile tangi la maji tu.

Jumamosi hizo nilimwona binti yangu akitoka. Sisi wa mafunzo tulikuwa tukisubiri kwenye veranda, nao walipitia mlango wa kando, bibi yake amemshika begani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na mtu mwingine. Mistari ilipinda, na kisogoni walikuwa wamevuta mno mpaka ngozi imeinuka. Mara moja tukaonana uso kwa uso. Akashusha macho kama mtu aliyemwona mwalimu wake dukani. Nikajua ameambiwa kitu kunihusu, na sikuwa na pa kukijibia.

Siku ya mashindano tulikutana kwenye ukumbi wa shule moja mjini. Mikeka ilikuwa mitatu. Kabla ya kuanza, refa mkuu, mama mmoja mwenye jaketi jeusi na sauti kavu, alitupanga mstari akauliza: "Nani ana mtoto anayeshindana leo?"

Mikono ikainuka. Wangu ulibaki chini. Nilijua nikinyamaza huenda nikapangwa mkeka wa kwanza, alikokuwa mtoto wangu, na ningemwona kwa karibu kuliko nilivyomwona tangu nitoke Kinoo. Sensei alikuwa ananiangalia. Kule juu, kwenye viti, niliona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe.

Nikainua mkono.

"Wako ni yupi?"

Nikataja jina lake. Nilisema, "Mimi ni mama yake." Miezi mingi sikuwa nimepata mtu wa kumwambia maneno hayo. Refa mkuu akaelekeza kidole upande wa mwisho wa ukumbi. "Mkeka wa tatu."

Meza yetu ilikuwa imeupa mgongo mkeka wa kwanza. Nilikaa na saa yangu, nikawatunzia watoto wa watu muda wao. Mvulana akalia, mwingine akashinda akasahau kumwinamia mpinzani wake, mimi macho yangu palepale. Kisha nikasikia kipaza sauti cha mkeka wa kwanza kikiita jina la binti yangu, na wakati uleule refa wangu akasema, "Hajime!"

Nikawasha saa. Mbele yangu wasichana wawili walikuwa wakirukaruka, na nyuma yangu mtoto wangu alikuwa akipigana. Nilisikia miguu ikigonga mkeka. Nilisikia ile kelele wanayoitoa wakipiga, nami safari hii niliijua ya kwake, moja kwa moja, kama mtu amenishika mkono. Watu wakashangilia. Sikujua wanamshangilia nani. Halafu ukumbi wote ukavuta pumzi, mtoto akapiga yowe, na mtu akaita, "Daktari!"

Shingo yangu ilitaka kugeuka. Naikumbuka kama kitu kisichokuwa changu, inavyovuta. Refa wangu akasema "yame," nikasimamisha. Akasema tuendelee, nikawasha. Nilibonyeza kengele ya sekunde kumi na tano nikiwa sioni vizuri kwa machozi. Nilipobonyeza mara mbili za mwisho nikasimama.

"Mama, kaa, pambano linalofuata hili hapa," msimamizi wa meza akasema.

"Yule ni mtoto wangu."

Akageuka akatazama kule, akanitazama mimi, kisha akaita mtu anishikie saa. Mtu huyo alitoka upande mwingine wa ukumbi, naye alitembea kana kwamba anaenda kununua mkate.

Nilipofika, binti yangu alikuwa kwenye kona ya huduma ya kwanza, pamba imejazwa puani, kifua cha nguo yake nyeupe kina damu. Bibi yake alikuwa ameshafika na ameketi kando yake. Nilisimama mbele yao nikiwa na beji yangu, sijui kama naruhusiwa hata kumgusa.

"Pambano lake limeisha. Unaweza kuongea naye," daktari akasema.

Binti yangu ndiye aliyeanza. "Nilikuona pale. Hukuniangalia."

"Sikuruhusiwa."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo. Mwenye saa akigeuka, mtoto mwingine anaumia."

"Shosho alisema umekuja kwa sababu yangu."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anakunja taulo lenye damu, analikunja upya. "Nilisema hivyo," akamwambia mjukuu wake. "Kwa sababu yako amekuja."

Nikamgeukia mtoto. Nikamuuliza nililokuwa sijaliona. "Kwani ulishinda?"

Binti yangu akashangaa. "Hujui?"

"Sijui chochote. Niambie."

Akaniambia. Aliongea na pua iliyoziba, akinionyesha kwa mikono: alivyoanza kwa kupata pointi, yule msichana wa nyekundu alivyomrudishia kwa teke, alivyoingia mwenyewe kwa pupa akakutana na ngumi. Alikuwa ameshindwa. Alilisimulia pambano lote mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie. Nilipiga magoti sakafuni nikamsikiliza, na bibi yake hakumkatiza. Kisha wakaniita mezani, na niliporudi kutazama kona ile baadaye, walikuwa wameshaondoka.

Jumamosi iliyofuata hakuletwa. Wala ile iliyofuata. Sensei alisema hajapigiwa simu na yeyote. Nikaanza kuamini kwamba nimelipia dakika zile chache kwa kila kitu kilichobaki, na kule saluni nikawa nasuka nywele za watu bila kusikia wanachosema.

Kisha wakaja. Binti yangu akaingia ukumbini akikimbia kwa kuchelewa. Mama mkwe akakaa kwenye benchi la veranda, mkoba mapajani. Mtoto bado anaishi Kinoo, wala hakuna aliyeniahidi lolote. Nilisimama kando muda mrefu kabla sijakaa mwisho wa lile benchi. Mama mkwe hakunisalimu. Lakini hakuinuka.

Tulikaa hivyo, tukiwasikiliza watoto wakihesabu.