Pale Palipoandikwa Mtunzi

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko. Naandika polepole, herufi zangu zinalala upande, na mahali pengine nimefuta mpaka karatasi ikatoboka. Shule niliishia darasa la nane. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni vile mnavyofikiri nilitaka kusema. Naomba hivyo kwa sababu habari hii yote ni ya neno moja nililolikosea, na watu wakalisoma vile nilivyoliandika.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Anazinunua Port Victoria, na siku za soko anakaa nazo Malaba, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka kwenda Uganda. Tunaishi chumba kimoja hapa Busia. Yeye hajui kusoma. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake, namsomea mimi. Karatasi ya hospitali, namsomea mimi. Nikisoma, haniulizi mara ya pili.

Nilipokuwa mdogo, alikuwa akianika omena za watu kule ziwani, na kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza ndege. Akatunga wimbo wa kuwatania: "Ndege rudi ziwani, hapa kuna mwenye njaa kukushinda." Kisha anawatajia ndege hao watu wote wanaomngoja nyumbani. Mwenye nyumba yumo, mwalimu anayedai ada yumo, na mwisho yumo mtoto wa dada asiyependa kuongea. Huyo ni mimi.

Baadaye aliuimba na akina mama wenzake kwenye harusi, watu wakacheka, wakauomba tena. Wakachanga, wakaenda kuurekodi kwa fundi mmoja mwenye studio nyuma ya soko. Wimbo ukapendwa. Madereva waliuchukua kwenye flashi zao, na kule Malaba ukawa unasikika foleni nzima, lori moja likimaliza, lingine linaanza. Mama mdogo alikuwa akipima omena huku akijisikia mwenyewe. Alisema inamtia haya kidogo, lakini alikuwa anatabasamu.

Ndipo watu wa chama cha wanamuziki wakaja mjini. Walituita ukumbini na kutueleza habari ya mirabaha. Walisema baa ikicheza wimbo wako, au redio, au saluni, mwenye biashara analipia leseni, na chama kinakusanya na kumgawia mwenye wimbo. Wakatoa fomu. Zilikuwa za Kiswahili, ili tuelewe. Mama mdogo akanisukumia yake.

"Jaza, mwanangu. Wewe ndiye macho yangu."

Jina la wimbo, nilijaza. Mwimbaji, nikaandika jina lake, herufi moja moja, ulimi nje. Chini yake palikuwa pameandikwa: Mtunzi. Hapo nikasimama.

Huku kwetu mtu anayelea mtoto wa mwenzake tunasema anamtunza. Anayelinda duka anatunza duka. Nikajiuliza, nani anautunza wimbo wa mama mdogo? Jibu lilikuwa rahisi. Wimbo unakaa kwa fundi, ndani ya kompyuta yake. Mama mdogo mwenyewe alizoea kusema, "Yule kijana anatutunzia nyimbo zetu vizuri." Mtu mmoja wa chama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Ningemuuliza. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na mimi nikisimama mbele ya watu sauti inapotea. Nikaandika jina la fundi. Mama mdogo akaweka dole gumba. Tukaenda nyumbani tumefurahi.

Mimi nafanya kazi ya kusuka kwenye saluni. Miezi ilipita. Asubuhi moja wakaingia watu wawili wa leseni, mwanamume na dada mmoja mwenye simu kubwa. Redio ilikuwa juu. Mwenye saluni, ambaye sisi humwita madam, alikimbilia kuipunguza.

"Usipunguze, madam," dada yule akasema. "Tumeshaisikia kutoka barabarani."

"Sasa nalipia muziki ya nani? Mimi nafunguanga tu redio. Hao waimbaji hata nywele hawakuji kusuka hapa!"

"Unalipia ya watunzi."

"Watunzi ni akina nani tena?"

"Mtunzi ni yule aliyetunga. Wimbo ulitoka kichwani mwake. Yeye ndiye mwenyewe, hata kama mwingine ndiye anaimba."

Kitana kilinitoka mkononi. Mteja niliyekuwa namsuka akageuza shingo. "We, umeniacha na nusu kichwa?"

Nilitaka wale watu waondoke haraka. Lakini madam ni mtu wa maneno, akanionyesha kwa kidole. "Basi huyu mnamwona hapa, mama yake ndiye mwenye ule wimbo wa ndege! Tafuteni hapo kwa simu, muone kama nadanganya."

Dada akatafuta. Akasoma jina la wimbo, akasoma mwimbaji, jina la mama mdogo. Madam akapiga makofi. Kisha dada akasoma mtunzi, akataja jina la fundi.

"Kumbe yule wa studio ndiye aliutunga?" madam akashangaa. "Na vile mama yako anajisifu!"

Wateja walicheka. Mimi niliinama, nikaokota kitana. Nikajikaza, nikauliza kwa sauti ndogo sana, "Huyo mtunzi anaweza kufanya nini?"

"Ni wake, dada. Hata akitaka kumpa mwimbaji mwingine aurekodi upya, anampa."

Tangu saa ile nikaanza kuogopa vitu ambavyo zamani sikuviogopa. Niliogopa redio. Kila wimbo ulipoanza, nilisikiliza kama ni ule wa ndege unaimbwa na sauti nyingine. Niliogopa simu ya mama mdogo ikilia, kwamba ni ujumbe wa chama, atanipa nisome, na mimi nitasoma nini? Nilijua naweza kusema uongo asijue, na hilo ndilo liliniogopesha kuliko yote. Siku tatu nilikula naye bila kumtazama usoni. Akadhani nina malaria.

Siku ya nne nilikwenda kwa fundi peke yangu. Nilipita mbele ya mlango wake mara mbili kabla sijaingia. Nikamweleza nikitazama nyaya zilizolala sakafuni.

"Najua," akasema. "Chama kilinitumia ujumbe."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Dada, ni mimi nilijaza fomu? Niliona zawadi, nikasema asante." Akacheka. Mimi sikucheka. Kisha akasema kuna kikundi kimoja cha upande wa pili, Uganda, kinautaka wimbo, kimemuuliza bei. "Sijawajibu. Lakini kurekebisha hiyo kitu kunataka fomu nyingine, na sahihi yangu. Mwenye wimbo mwenyewe aje aniombe. Si wewe."

Mama mdogo alikuwa Malaba siku hiyo. Nilimfuata huko huko, kwa sababu nilijijua, nikingoja jioni nitanyamaza tena. Nilimkuta amekaa nyuma ya omena zake, anabishana na dereva.

"Mama, hizi si zimejaa mchanga?"

"Huo mchanga sikuuzii, ni bure. Ongeza hata kwa chai."

Dereva akacheka, akanunua, akaondoka. Nilipiga magoti karibu na gunia, nikamwambia yote. Nilimwambia neno lilikuwa gani na nililielewa vipi. Nilimwambia habari za kikundi cha Uganda. Lori la mbele yetu lilikuwa limefungulia wimbo wa kanisa, nikashukuru Mungu haukuwa ule.

Hakunigombeza. Alikaa akichambua omena, akitoa vijiti. Baadaye akauliza, "Na mtoto wa dada, yule wa mwishoni mwa wimbo, yeye pia sasa ni wa fundi?"

Akafunga gunia kabla soko halijaisha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Kesho yake tuliomba fomu nyingine kwa yule dada wa leseni, tukaenda nayo studio. Fundi alimpa kiti, akaanza mzaha. "Mama, yaani unanifanya tajiri halafu unaghairi?"

Mama mdogo hakukaa. Akasema, "Huyu mtoto alikosea neno. Wewe neno ulilijua, ukanyamaza."

Fundi aliinamisha kichwa, akavuta vuta waya wa spika. Niliogopa atatufukuza. Mwishowe akasema, "Leteni hiyo karatasi."

Fomu mpya tuliijazia pale pale mezani kwake. Herufi yangu ya kwanza ilifanana na mdudu. Pale palipoandikwa mtunzi nikaandika jina la mama mdogo. Fundi akatia sahihi, na mama mdogo akaweka dole gumba. Kisha akaniuliza, "Hapo umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akatoka nayo nje, akampa mama anayeuza chai mlangoni. "Mama, hebu nisomee hapa pameandikwa nani."

Mama wa chai akafuta mikono kwenye kanga, akasoma jina la mama mdogo. Ndipo mama mdogo akaikunja.

Fomu ilikwenda. Tuliambiwa tungoje ujumbe, na bado tunangoja. Fundi anasema wale wa Uganda amewaambia hapana, lakini hatuna njia ya kujua. Simu ikilia, mama mdogo bado ananipa nisome, kama zamani. Halafu, akidhani sijaona, anaibeba hadi kwa jirani, na jirani anasoma mara ya pili. Simlaumu. Mimi mwenyewe kabla ya kusoma natazama kila neno mpaka linaanza kuonekana geni.

Ninyi mnaosoma hapa, kama yuko aliyewahi kujaza fomu hiyo na kuirekebisha, tafadhali niandikieni. Niambieni mlingoja muda gani, na ujumbe wenyewe unakuja na maneno gani, ili siku ukija niwe nayajua. Andikeni kwa herufi kubwa kidogo. Nitawajibu, ila nitachelewa, kwa sababu naandika polepole.