Matanga ya Umm Salal

Sijui kuzungumza taratibu nikiwa nimekasirika, na kwa habari hii nimekasirika tangu mwaka jana. Wanaonijua hapa Doha, wodini ninakouguza na nje ya wodi, wameshanizoea.

Rafiki yangu ni kijana wa kompyuta, Mkenya kama mimi, na ndiye aliyekuwa akipiga kinanda katika ushirika mkubwa tulimokuwa tukisali. Anapenda wanaume. Hakuwahi kulitangaza. Alimwambia mtu mmoja aliyemwamini, na huyo mmoja akampelekea habari mama kiongozi wa akina mama. Mama akashika simu, akarekodi ujumbe wa sauti, akautupa katika kundi la ushirika mzima: kinanda kimenajisiwa, na atakayekanyaga kwa huyo kijana asikanyage tena kanisani. Akamtaja kwa jina, akataja na kampuni anayofanyia kazi. Katika nchi hii maneno kama hayo yakimfikia mwajiri, mtu anaweza kurudishwa kwao, na kabla ya kurudishwa yanaweza kumpata makubwa zaidi. Mama alilijua hilo. Amekaa hapa miaka mingi kuliko mimi.

Wachache tulitoka. Tukaanza kusali Ijumaa sebuleni kwangu, Al Sadd, mapazia yamefungwa, tukiimba kwa sauti ya chini. Hatukumuuliza mtu yeyote anampenda nani. Kijana akaja, na wakaja wengine ambao sikujua kabisa kwamba nao walikuwa wanaumia.

Halafu mama yake akafa kule Kakamega. Ndugu zake wakamwambia asijitokeze mazishini. Sisi tulio huku tuna desturi yetu: ukifiwa na huwezi kusafiri, watu wanajaa kwako, chai inapikwa, mazishi yanafuatwa kwenye televisheni kupitia simu ya mtu aliyesimama kando ya kaburi, na jeneza likianza kushuka tunasimama na kuimba. Kwake tulienda sisi tu wa sebuleni. Ushirika mkubwa haukutuma hata neno la pole. Nilimwangalia akimzika mama yake na watu wa kuhesabika, nikawalaani wale wengine kimoyomoyo, ndani ya maombi, na sikutubu.

Miezi michache ikapita, naye mama kiongozi akafiwa na mama yake.

"Tutaenda," kijana akasema Ijumaa ile.

"Tuende wapi?"

"Kwake, Umm Salal. Mimi nitabeba chai."

"Wewe umerogwa," nikamwambia. "Yule alitaka kukumaliza."

"Sista, mtu amefiwa."

Wenzangu wote wakawa upande wake. Wakanisomea mistari ya kumpenda adui, mimi niliyekuwa nawasomea mistari hiyo hiyo kila wiki. Nikawaambia sawa, nitaendesha gari, lakini wasinitegemee kutabasamu.

Mama kiongozi anaishi katika vila iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. Tulipoingia, watu wa ushirika mkubwa walikuwa wameshajaa. Wakapokea birika zetu, wakamimina, wakanywa. Televisheni ilikuwa imegoma. Watu walikuwa wanapokezana rimoti na picha haiji, na huko Kenya ibada imeshaanza. Kijana akapiga magoti nyuma ya televisheni, akashikashika waya na simu, na mara tukaona mahema, maua, na jeneza la yule bibi. Chumba kizima kikasema amina. Hapo ndipo mama alipomtazama.

"Asante," akasema. "Sasa wewe ngoja nje kidogo. Tunataka kuomba."

Na chai yake bado wameishika mikononi! 

"Mama, yaani wewe..." nikaanza.

Kijana akanishika kiwiko. "Sista, usimharibie matanga. Please."

Akatoka. Wa sebuleni sote tukamfuata, tukasimama uani karibu na tangi la maji, jua la mchana likituchoma utosini. Yeye akaanzisha wimbo, ule wa kumsindikiza marehemu. Nilitaka kumzaba kofi anyamaze. Lakini niliimba, na niliimba kwa nguvu makusudi, wasikie.

Wimbo wa pili haujaisha, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mwenyewe, miguu mitupu, leso imelowa.

"Ingieni ndani," akasema. "Jua litawaua."

Nikangoja aombe na msamaha. Alishikilia mlango tu.

"Ni hayo tu?" nikamgeukia kijana. "Amekuanika mbele ya watu wote, leo anakuonea huruma ya jua?"

"Anazika mama yake," akanijibu. "Hiyo kitu naijua."

Akaingia. Baadhi wakamsogezea nafasi kwenye mkeka, wengine wakajivuta kando, na jeneza lilipoanza kushuka alisimama pamoja nao, akaimba huku akilia. Yule mama alimwegemea begani. Sidhani alijua ni bega la nani, au labda alijua, sikumuuliza.

Mwisho tulipanga mstari wa kutoa pole. Kijana alimshika mikono yote miwili na hawakuachana haraka. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Pole, mama," na nikajikuta namhurumia kwelikweli, jambo lililozidi kunikera. Akaninyooshea mkono. Sikuupokea.