Kreti la Soda kwa Juvénal

Picha iliingia nyumbani kwa Melchior yeye akiwa kazini. Aliporudi aliikuta imeshapigiwa msumari, juu ya kochi lake.

Ilikuwa litografia ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa, iliyochapwa kwa jiwe, karatasi imeanza kushika rangi ya chai. Mwanamke amekaa kwenye majani kando ya ziwa, viatu amevua. Pembeni yake mwanamume mwenye masharubu amejilaza kwa kiwiko, hana haraka na mtu.

"Imetoka wapi?" Melchior aliuliza.

"Kaileta Juvénal," alijibu mkewe, Emérithe, akigeuza ndizi kwenye kikaango. "Si nzuri?"

Juvénal! Mwalimu wa kwaya, mseja, mwenye gari na sauti ya kubembeleza.

Melchior husafisha mabasi. Tangu wahamie huku ughaibuni, mtaa wa Vårby gård, amekuwa akimwahidi mkewe kwamba Jumapili moja watashuka ziwani, hapo tu chini ya nyumba zao, wakae. Lakini kila Jumapili simu ya kazini huita, kuna zamu imekosa mtu, naye huitikia, kana kwamba kupumzika kuliumbwa kwa ajili ya watu wengine. Sasa kila akitazama ukutani, yule mwenye masharubu alizidi kufanana na Juvénal.

Kwao Burundi, zawadi ikiingia nyumbani, mwenye nyumba huenda kushukuru kwa vinywaji na hotuba mbele ya watu. Melchior akaona hapo ndipo atakapomnasa. Jumapili iliyofuata, wanakwaya wakinywa kahawa baada ya ibada, aliingia na kreti la soda begani, akalitua miguuni pa Juvénal.

"Ndugu zangu," alisema, "nimekuja kushukuru. Juvénal amempa mke wangu picha ya mwanamke aliyevua viatu. Sikuitwa kuipokea. Labda alijua sipo."

Wanakwaya waligeuka kumtazama Juvénal.

"Ee Yesu," alisema Natacha wa sauti ya kwanza.

Juvénal alikuna kichwa. "Baba Axel, mimi nimeibeba tu. Mama Axel aliinunua duka la mitumba kule Farsta, akaniomba lifti. Hata msumari kapiga mwenyewe."

"Sasa hiyo soda tunywe au anarudi nayo?" Natacha aliuliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Emérithe hakucheka. Alichukua koti lake akatoka. Melchior alimkimbilia hadi barabarani.

"Mbona hukuniambia, Mama Axel?"

"Ningekuambia lini? Wiki nzima umeninunia. Nilichoka kungoja ziwa, nikanunua la karatasi." Alisimama. "Na leo zamu umeikataa. Kumbe unaweza! Kwa ajili ya Juvénal unaweza."

Hilo lilimchoma kuliko kicheko cha kwaya. Simu ikaanza kuita mfukoni mwake. Aliitoa, akaizima mbele ya macho ya mkewe.

"Twende ziwani," alisema. "Sasa hivi."

Walishuka. Emérithe alivua viatu, akatumbukiza miguu majini. Melchior alikaa kwenye majani, mgongo wima, mikono magotini, kama anayengoja kuitwa kwa daktari. Alijaribu kujilaza kwa kiwiko. Kiwiko kikalowa.

"Yule wa kwenye picha," alinung'unika, "anajuaje kukaa vile?"

"Bado unamwonea wivu?"

"Sana."

"Vua viatu kwanza," alisema Emérithe, akamsogezea nafasi.