Wenye Ndevu Chini ya Joho

Asubuhi ile nilitoka Merrylands, mtaa niliokuwa nikiishi huku ughaibuni, na begi moja, bila kujua niendako. Mke wa kijana niliyepanga naye nyumba alikuwa anafika kutoka Dodoma wiki hiyo, na chumba nilicholala wangekihitaji. Hakuna aliyenifukuza. Niliondoka kabla mtu hajalazimika kuniambia. Shule pia niliiacha hivyo hivyo, kidato cha pili.

Kwenye treni nilifungua kitabu nilichookota Parramatta, kwenye boksi la vitabu vya bure. Kimejaa picha zilizochorwa makanisani Ulaya mamia ya miaka iliyopita. Ukurasa niliourudia kila mara ni wa Bikira Maria amesimama, mrefu kama mnara, amelitandaza joho lake kwa mikono miwili, na chini yake watoto wadogo wamepiga magoti. Niliupenda, na uliniudhi. Nilijiambia wachoraji wale, wote wanaume, hawakumjua mwanamke ila kama mama wa watoto. Mimi nina miaka thelathini na tisa, na sina mtoto.

Mama aliyekaa kando yangu, amevaa sare ya nyumba ya wazee, aliiinamia picha. Alikuwa amenisikia nikimwambia dada yangu kwenye simu kwamba leo sina pa kulala. Alikuwa Mrundi, Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi Kigoma.

"Hao si watoto," akasema. "Angalia vizuri. Wako na ndevu."

Kweli walikuwa na ndevu. Mmoja alivaa taji, mwingine kofia ya askofu. Mwaka mzima nimekibeba kitabu kile na sikuyaona hayo.

Akanieleza kazi yake. Huwaogesha wazee, na kabla ya kumvua mtu nguo humfunika kwanza kwa taulo kubwa, awe alikuwa hakimu au fundi rangi. Taulo likichelewa, wengine hulia.

"Huyo aliyechora," akasema, "kuna mtu alimuogesha akiwa tayari na ndevu zake."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akauliza nashukia wapi, nikasema sijui.

"Basi tutashuka wote Ingleburn."

Nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha nyuma chenye cherehani na kitanda kitupu. Nikasema nitakaa siku mbili tu. Aliuliza kama nimekuja na blanketi. Nilikaribia kusema ninalo.

"Sina, mama," nikasema, naye akafungua kabati.