Kibali cha Shija

Safina haamini neno “iko sawa”. Ofisini kwetu Ruangwa tunamtania kwamba hata akiambiwa chai ina sukari, lazima aionje kwanza. Amezaliwa Matambarale, kwa wakulima wa ufuta, na kazi yake ni programu inayotia saini ya siri kwenye vibali vya kusafirisha ng'ombe. Askari kwenye kizuizi cha barabarani anamulika kibali kwa simu, simu inamwambia kama ni halali au cha kughushi.

Programu ya pili ya kutia saini ipo akiba, ya kwanza ikizimika. Safina aliijaribu mara tatu kwenye kompyuta ya majaribio, ikapokea kazi vizuri. Hakuridhika. Jumatano alfajiri akaizima ya kwanza kwenye mfumo wenyewe, akidhani wafugaji bado hawajafika.

Shija, mfugaji aliyehamia huku kutoka kanda ya ziwa, alikuwa ameshafika. Alipewa kibali chenye saini ya akiba, akaondoka na lori la ng'ombe kuelekea Nachingwea. Saa tatu na robo kompyuta ya Safina ikaonyesha kibali kimekataliwa kizuizini. Alielewa papo hapo. Simu za kizuizini hazikuwahi kupewa ufunguo wa kuitambua saini ya pili.

Hapo ndipo ninapomlaumu, ingawa nampenda. Badala ya kupiga simu, alitaka kurekebisha kimyakimya, ufunguo ufike kabla mtu hajajua. Mtandao ukasuasua. Akatuma tena, na tena, bila kutuambia. Saa nne kasorobo ndipo alipompigia Beatrisi, askari wa zamu, akamweleza kwamba kibali ni halali.

“Nitajuaje kama wewe si mwenzake huyu mfugaji?” Beatrisi akauliza.

 Safina alichukua kitambulisho cha kazi, akapanda bodaboda.

Alimkuta Shija amekaa chini kando ya lori, mikono ina pingu. Ng'ombe walikuwa wakihema kwa joto, na mmoja, jike mwenye mimba, alikuwa amekufa muda mfupi tu uliopita. Beatrisi alisoma kitambulisho, akafungua pingu. Safina akasema mbele ya wote kwamba kosa ni lake.

Shija alimsikiliza hadi mwisho.

“Mimi nilijua tangu asubuhi kibali changu ni cha kweli,” akasema. “Wewe dada, ulijua saa ngapi?”

Angeweza kusema saa nne kasorobo, na pale hapakuwa na wa kumpinga. Safina akasema saa tatu na robo.